Umehamia Phoenix na moyo umekufa ganzi? Mwongozo kamili wa mwaka wako wa kwanza jangwani

Nilitua Phoenix, jimbo la Arizona huku Marekani, mwezi wa sita saa nane mchana nikitokea Mwanza, na mlango wa eapoti ulivyofunguka ile hewa ilinipiga usoni kama vile nimesimama nyuma ya lori lililowashwa injini. Nikasema basi jioni itapoa. Jioni haikupoa, usiku nao haukupoa, na wiki tatu baadae nilikuwa nimekaa chini kwenye kapeti ya apatimenti, mapazia yamefungwa, siku ya nne sijaongea na mtu ana kwa ana ukiacha watu wa kazini, nalia na sijui hata nalilia nini, maana kila nilichokiomba Mungu nilikuwa nimekipata, green card, kazi, friji lina chakula.

Naandika hii kwa ajili yako wewe ambaye uko kwenye ile kapeti leo. Na tuko wengi kuliko unavyodhani, Wakongo ndo wengi, wapo Warundi, Wasomali wanaojua Kiswahili, Wakenya, Watanzania, na karibu kila niliyekaa nae tukaongea vizuri alishapita hapo hapo. Nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni kwamba upweke wa huu mji hautokani na watu kukukataa wala wewe kushindwa maisha. Unatokana na joto, umbali na kuta. Na hivyo vitu vitatu vyote unaweza kuvipangia, ukijua uanzie wapi.

Hatua ya 1: Jua kinachokuuma ni kipi hasa

Chukua daftari, sio simu, daftari. Kwa siku saba kila moyo unapozama andika saa ngapi, uko wapi, na umetoka kufanya nini. Usiandike maelezo marefu, mstari mmoja tu. Mimi nilikuwa naamini nina huzuni muda wote, lakini daftari likanionyesha kitu kingine, karibu mistari yote ilikuwa kati ya saa tisa mchana na saa moja jioni, siku ambazo siendi kazini. Yaani siku za kazi nilikuwa nachoka tu kama binadamu wa kawaida. Kumbe shida kubwa ilikuwa yale masaa manne ya kufungiwa ndani na jua.

Ukimaliza wiki, pitia mistari uigawe. Ipo itakayokuwa ya joto na kufungiwa. Ipo ya kukosa watu. Ipo ya matarajio, yani ulidhani Marekani ni ile ya kwenye TV, maghorofa na watu barabarani, ukakuta paking kubwa, ukuta, paking nyingine, ukuta. Na ipo ya mwili, usingizi umekataa, kichwa kinauma, huna hamu ya kula. Kila fungu lina dawa yake na ukichanganya utahangaika, mtu mwenye shida ya kufungiwa ndani anaenda kununua TV kubwa, halafu anashangaa mbona hali ni ile ile.

Hatua ya 2: Ijue kalenda ya hapa, usiuhukumu mji katikati ya kiangazi

Hii ni ya muhimu sana jamani. Kwenye miji ya baridi watu hujifungia miezi ya theluji. Huku ni kinyume chake, watu wanajifungia kuanzia mwezi wa tano mwishoni mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Ukifika mwezi wa sita kama mimi, umefika wakati mji mzima uko ndani, utapita mtaa mzima hujaona mtu hata mmoja kwenye baraza na utasema hawa watu hawana utu. Wapo, wako ndani kwenye AC.

Na joto lenyewe sio mchezo. Mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi (kwenye simu yako utaiona 110, huku wanatumia Fahrenheit). Mwaka 2024 siku 113 mfululizo zilifika nyuzi 38 au zaidi, karibu miezi minne hiyo. Rekodi ya mji ni nyuzi 50, tarehe 26 Juni 1990. Kwahiyo ukijisikia mwili umegoma, hujalegea wewe, uko mahali pagumu kweli.

Halafu katikati ya Juni inaanza misimu ya mvua ya huku, wanaiita monsuni, inaenda mpaka mwisho wa Septemba, ila usitegemee masika, mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 180 hivi. Inakuja na upepo na mara nyingine ukuta wa vumbi mrefu kama mlima unaoitwa haboob. Ukiukuta barabarani toka kabisa nje ya njia, simamisha gari, zima taa zote, toa mguu kwenye breki, maana ukiacha taa wa nyuma anadhani bado unatembea anakufuata. Lakini subiri ile mvua ya kwanza. Kuna kichaka cha jangwani kinaitwa kriosoti, mvua ikikigusa kinatoa harufu nzito hivi, mji mzima unanukia. Usiku ule nilifungua mlango saa nne nikakuta majirani wote wa ghorofa yetu wametoka kusimama koridoni, watu ambao nilikaa nao ukuta kwa ukuta mwezi mzima sijawaona sura. Mzee wa mlango wa pili ndo siku ile aliniuliza jina langu.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu mji unageuka, mchana ni nyuzi ishirini na kitu, watu wanakaa nje, watoto wanaendesha baiskeli, masoko ya wazi yanafunguliwa. Kwahiyo sheria yangu ni moja, hakuna kusema "naondoka" wala "nimekosea" mpaka upite miezi hiyo pia.

Hatua ya 3: Geuza masaa yako

Mwezi wa sita jua linachomoza saa kumi na moja na robo alfajiri. Arizona hawabadilishi saa kama majimbo mengi ya Marekani (isipokuwa kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku), ndo maana kunakucha mapema hivyo. Tumia hiyo nafasi. Amka saa kumi na nusu, toka saa kumi na moja, rudi kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Hapo ndo utawaona watu wa Phoenix wako wapi, wanakimbia, wanatembeza mbwa, wazee wawili wawili.

Pa kwenda pazuri na pa bure ni kandokando ya mifereji. Kuna mifereji ya maji zaidi ya kilomita 200 inapita katikati ya mji, na mingi imefuata njia za mifereji waliyochimba Wahohokam, wenyeji wa kale wa hapa, kwa mikono zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakalima mahindi na maharage hapa hapa. Mimi mtu wa ziwa kukaa pembeni ya maji yanayotembea, hata kama ni mfereji wa zege, kulinisaidia kuliko vidonge vya usingizi nilivyokuwa nimeshaanza kununua. Unakuta ndege mweupe kama yangeyange amesimama anavizia samaki, na kweli samaki wapo.

Ukitaka mlima, South Mountain ndio wenyewe, hifadhi ya mji yenye njia nyingi sana. Ila kwenye siku za joto kali usipande, na njia za milima ya Camelback na Piestewa mji wenyewe unazifunga mchana siku zenye onyo la joto. Watu wanaokolewa na helikopta kule.

Mchana sasa, yale masaa manne mabaya, usiyaache wazi. Yapangie kitu kila siku. Maktaba ni bure, zina baridi, zina intaneti, hakuna anayekuuliza umefuata nini. Ile kubwa ya Burton Barr iko Central Avenue katikati ya mji, nenda hata kama husomi vitabu. Mimi nilijipangia Jumanne na Alhamisi saa tisa mpaka saa kumi na mbili, kiti kile kile karibu na dirisha, na mwezi haujaisha mlinzi ananisalimia kwa jina. Inaonekana kitu kidogo. Kwa mtu ambaye hajaitwa jina lake wiki nzima sio kidogo.

Hatua ya 4: Linda mwili kabla ya moyo

Kwa haraka, maana haya ukiyakosea hayasubiri. Mwaka 2023 kaunti ya Maricopa, ambayo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Tembea na maji muda wote na unywe kabla ya kiu, ukitoka jasho sana ongeza na kitu chenye chumvi. Mtoto hata dakika mbili usimwache kwenye gari. Watoto wasitembee peku nje, lami na zege zinaunguza ngozi kabisa, na yale makufuli ya chuma ya mkanda wa gari yaguse wewe kwanza kabla ya kumfunga mtoto. Mtu akianza kuchanganyikiwa maneno, ngozi ya moto sana, anatapika, piga 911 hapo hapo na umpoze kwa maji wakati mnasubiri.

Na kuna ugonjwa wa vumbi la hapa unaitwa valley fever, ni fangasi wa kwenye udongo unavutwa na hewa. Kikohozi, homa, uchovu wa wiki nyingi, mtu anadhani ni mafua au kwa sisi tunawaza TB. Hauambukizi mtu kwa mtu. Kikohozi na uchovu vikizidi wiki moja hadi mbili, mwambie daktari kwa jina hilo hilo, omba kipimo cha damu. Nalitaja hapa kwasababu nimeona mtu ambaye sote tulidhani ana msongo wa mawazo, hainuki kitandani, kumbe ni ugonjwa huo.

Hatua ya 5: Nyumba, AC na bili ya umeme

AC kwenye kiangazi sio anasa. Sheria ya mji wa Phoenix inasema nyumba ya kupanga yenye AC lazima iweze kupoa mpaka 82 Fahrenheit (nyuzi 28) au chini ya hapo. Ya kwangu iliharibika mwezi wa saba na mwenye nyumba akawa ananiambia kesho, kesho, siku tano. Nilikuwa naona aibu kulalamika, si unajua mgeni, unaogopa kufukuzwa. Usiwe kama mimi. Siku ya kwanza tu mwandikie meseji au barua pepe, weka tarehe, piga picha ya joto kwenye kile kidude cha ukutani, taja hiyo sheria. Simu usitegemee, maneno ya simu hayana ushahidi. Kama ndani hapalaliki piga 2-1-1 uulize kituo cha kupumzikia joto kilicho karibu, vipo vingi na ni bure, na omba mkalimani kama Kingereza kinakusumbua.

Bili nayo inatia huzuni watu wengi, unaona dola ulizotaka kutuma nyumbani zimekuwa hewa ya baridi. Piga simu kampuni ya umeme uulize uko kwenye mpango gani, kuna mipango ambayo umeme wa alasiri mpaka jioni ni ghali na masaa mengine ni rahisi. Kama ndo wako, poza nyumba asubuhi, fua na upike usiku au alfajiri, mchana funga mapazia hasa dirisha la magharibi. Ghorofa ya juu kabisa upande wa magharibi ndo tanuri, mimi ndo nilikopangishwa na sikujua kuuliza.

Hatua ya 6: Jifunze njia

Mji huu ni mkubwa mno, wa tano kwa watu Marekani nzima, milioni 1.6 Phoenix peke yake kwenye sensa ya 2020, na ukihesabu Mesa, Glendale, Tempe, Chandler na wengine wote wamegusana huoni mpaka uko wapi. Lakini umechorwa kama daftari la hesabu, mistari iliyonyooka. Central Avenue ndo katikati. Zinazoitwa Street ziko mashariki, zinazoitwa Avenue ziko magharibi. Kwahiyo 7th Street na 7th Avenue ni barabara mbili tofauti, moja huku na nyingine kule, nimeshawahi kumsubiri mtu saa nzima kwenye kona sahihi ya barabara isiyo yenyewe. Usiku angalia taa nyekundu za minara juu ya South Mountain, kule ni kusini, hutapotea tena.

Bila gari unaweza kuishi ila ukae karibu na njia ya treni ya mjini, inatoka Mesa inapita Tempe mpaka katikati ya Phoenix. Kama bado hujasaini nyumba, afadhali chumba kidogo karibu na treni au karibu na watu wako kuliko chumba kikubwa cha bei hiyo hiyo mbali huko ambako kuna ukuta na mchanga. Hii ndo kosa kubwa linalofanywa na wengi wetu, tunachagua nyumba kwa picha ya kutuma nyumbani.

Hatua ya 7: Tafuta watu, na uwatafute kwa ratiba

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Nilikutana na mtu wangu wa kwanza dukani, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, nimeshika pakti ya dagaa nasoma bei. Nyuma yangu nasikia "Mungu wangu, dagaa ni bei hii?" kwa Kiswahili! Nikageuka, mama wa Kikongo, kitenge kiunoni, miwani ya jua kichwani. Nikamwambia shikamoo mama, akacheka, akaniuliza natoka wapi, tukasimama pale kwenye mlango wa friji mpaka mwenye duka akatuomba tusogee. Akaniambia "kuya kwangu siku ya posho, utakula." Nikasema sawa mama. Nimefika nyumbani ndo nawaza, siku ya posho ndo siku gani? Kwetu posho ni hela ya matumizi! Ikabidi nimpigie, nikiwa na aibu. Ni Jumamosi. Nilienda Jumamosi ile, na Jumamosi iliyofuata, na mpaka leo Jumamosi yangu inajulikana iko wapi.

Nilichojifunza pale ni hiki, urafiki wa huku hauji kwa kukutana kwa bahati kama nyumbani, ambako unatoka tu nje unakuta watu. Huku lazima uwe na siku na saa. Kwahiyo chagua kitu kimoja kinachojirudia kila wiki na ukihudhurie wiki nane bila kukosa, hata siku ambayo hujisikii, hasa siku ambayo hujisikii. Wiki tatu za kwanza utakaa pembeni na utasema sipendwi. Wiki ya nne mtu anakuuliza wiki iliyopita ulikuwa wapi. Ndio ujue umeshaingia.

Kitu gani sasa? Makanisa yenye ibada za Kiswahili yapo, Wakongo na Warundi wana kwaya ambazo ukiingia mazoezi ya Ijumaa unasahau uko jangwani. Kwa Waislamu, misikiti ya Tempe na Phoenix ina Wasomali na watu wa pwani, na Ramadhani ndo mlango mzuri kuliko yote, futari hakuna anayekaa peke yake. Vijana, mpira unachezwa usiku chini ya taa, tafuta kiwanja simama pembeni, watapungukiwa mtu tu. Mashirika yanayohudumia wakimbizi kama IRC yana madarasa ya Kingereza na wana mashamba ya jamii ambapo watu wanalima mboga, na aliyewahi kushika jembe anajua mkono ukiwa kwenye udongo akili inatulia. Vyuo vya jamii vya Maricopa navyo vina madarasa ya Kingereza, hata kama Kingereza unakijua kuna madarasa ya vitu vingine.

Usijifungie kwa Waswahili peke yake pia. Jirani zako wengi ni Wameksiko, na nakuambia ukweli hao watu tunafanana nao kuliko tunavyodhani, familia kubwa, msiba ni wa wote, chakula ni cha wote. Ingia duka la Kimeksiko utakuta ukwaju, mihogo, ndizi za kupika, nyama ya mbuzi, maembe, rozela kavu ya kutengeneza juisi. Juisi ya ukwaju wanaijua kabisa! Ila unga wao wa tortila usichukue kwa ajili ya ugali, yale mahindi yamepikwa na chokaa kwanza, ugali wake unanuka tortila na hauliki. Unga wetu mweupe uko maduka ya Kiafrika, na Lee Lee kule Chandler na Peoria ni duka kubwa la vyakula vya dunia nzima, ukikosa kitu pengine jaribu pale.

Kwa Wamarekani kuna kitu kimoja kilinivunja moyo sana mpaka nilipokielewa. Mtu wa kazini anakuambia siku moja tutafute muda tule pamoja. Wewe unasubiri. Mwezi, miezi miwili. Unaanza kusema waongo hawa. Sio waongo, kwao ile ni salamu ya upendo, mwaliko ni ule wenye siku na saa. Kwahiyo mjibu wewe hapo hapo, "sawa, Jumapili hii saa kumi na moja alfajiri, tutembee kwenye mfereji kabla ya jua?" Nilimwambia hivyo dada mmoja wa kazini, alifurahi mpaka nikashangaa, na yeye ametoka Ohio hana ndugu hapa. Phoenix imejaa wahamiaji wa Marekani yenyewe, wapweke kama sisi, hawana wa kumwambia.

Hatua ya 8: Simu ya nyumbani

Tofauti yetu na Afrika Mashariki ni masaa 10, mwaka mzima, haibadiliki. Njia rahisi kwa saa za Kiswahili: toa mbili halafu geuza usiku uwe mchana. Hapa saa mbili usiku, Mwanza saa kumi na mbili asubuhi. Kwa walio na ndugu Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, toa tatu.

Hiyo saa mbili usiku ndo itengenezee miadi, mama anaamka, wewe umemaliza siku. Lakini usiku wa manane zima simu. Nilikuwa nakaa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka saa nane usiku kwasababu kule ndo kumechangamka, harusi, michango, utani, halafu alfajiri siamki, nakosa yale masaa mazuri pekee ya siku, naamka jua limeshawaka nafungiwa tena. Mwili uko Arizona na roho iko Mwanza, kote huko hakuna aliyenipata.

Halafu mwambie ukweli mtu mmoja. Mmoja tu. Sio grupu la familia, pale utapewa pole ishirini na maombi ya hela matatu. Mimi nilimwambia dada yangu mkubwa, nikamwambia dada sipo sawa, hapa ni jangwa, sina mtu, na zile picha za gari ni gari la kazini. Alinyamaza kidogo akasema, "mdogo wangu, sisi tulidhani umetusahau ndo maana unajibu kwa mkato." Kumbe kile nilichokuwa naficha ndo kilikuwa kinanitenga nao pia. Kuanzia hapo tukapanga kiwango cha kutuma kila mwezi, kidogo kuliko zamani, na nikaacha kuogopa simu ikiita.

Hatua ya 9: Ikizidi, ni ugonjwa, tafuta tiba

Kama wiki mbili na zaidi hulali au unalala mno, chakula hakipandi, huoni raha hata kwa kitu ulichokuwa unapenda, au unawaza bora usingekuwepo, hiyo imetoka kwenye upweke wa kawaida. Piga au tuma meseji 988, ni bure, masaa 24, ukipiga unaweza kuomba mkalimani, sema tu neno "Swahili" halafu subiri. Hospitali na kliniki pia omba mkalimani wa Kiswahili, usimpeleke mtoto wako akakutafsirie maumivu yako, sio mzigo wake. Kwa waliotoka kambini au vitani, mwambie daktari hilo pia, kuna mambo yanarudi mtu akishakuwa salama na kimya kikiwa kingi.

Na tafadhali, kuomba na kutibiwa havigombani. Mchungaji anaweza kukuombea na kidonge ukameza.

Hatua ya 10: Weka tarehe ya kuamua

Kubaki kwa kusukumwa na siku ndo kunakochosha roho. Kwahiyo weka tarehe, iwe mwezi wa tatu, baada ya kupita kiangazi na baridi vyote. Kabla ya hapo toka nje ya bonde hili la Phoenix angalau mara moja. Flagstaff iko kama kilomita 230 kaskazini, ni juu, zaidi ya mita 2,100, kuna misonobari na theluji, masaa mawili tu na kitu ya gari. Nilienda mwezi wa kwanza na yule mama wa Jumamosi na wanae, alishika theluji mkononi akaiweka kwenye chupa ya maji eti apelekee jirani.

Siku ya tarehe yako fungua lile daftari. Jiulize: ni nani angegundua nikiugua siku mbili? Hela inabaki hata kidogo? Masaa mabaya yamepungua au yameongezeka? Kama hakuna hata jina moja na ulijaribu kweli wiki zako nane, kuhama sio kushindwa, wapo walioenda kwa ndugu majimbo mengine wakapona. Soma mkataba wa nyumba, toa notisi kwa maandishi kwa muda unaotakiwa, na usihamishe vitu mwezi wa saba.

Mimi tarehe yangu ilikuwa 15 Machi. Nilikaa kwenye ngazi za nje saa kumi jioni, saa ile ile iliyokuwa inanitesa, michungwa ya mtaani imetoa maua na harufu imetanda paking nzima. Nilikuwa na majina manne. Nikasaini mwaka mwingine wiki ile ile, ila safari hii nilimwambia mwenye nyumba nataka chumba cha chini, upande wa kaskazini.